Kufuli la Ndiva

4 Oktoba

Nimenunua daftari hili Same mjini nikitoka kwenye kikao cha watendaji. Kikao kilikuwa cha kutwa nzima na sikumbuki neno lolote isipokuwa "utekelezaji". Nimeona nianze kuandika kabla sijasahau na jina langu. Naitwa Irine, mtu wa Kifaru. Ni Mtendaji wa kijiji hiki, kilicho njiani ukishapita Kisiwani kuelekea Kihurio. Huu ni mwaka wa nne. Nimepanga chumba kwa Bi Fadhila, mjane, aliyeachiwa na mumewe nyumba hii na nusu eka ya shamba mkiani kabisa mwa mfereji.

5 Oktoba

Joto. Hakuna la kuandika.

11 Oktoba

Injinia Wilbard wa wilayani amekuja kukabidhi ndiva. Kwa atakayesoma haya na si Mpare: ndiva ni bwawa dogo chini ya mlima. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda mashambani kwa zamu, kuanzia mashamba ya kichwani hadi ya mkiani. Babu zao walilijenga kwa udongo na mawe, na mlango wake ulikuwa gogo lililozibwa kwa magome ya migomba. Sasa Serikali Kuu imeleta saruji na geti la chuma, na kwenye geti kufuli la ukubwa wa ngumi ya mwanamume.

Watu walipiga makofi. Injinia alizawadiwa jogoo, akawa anahutubia huku kamshika kwapani. Ni kijana mpole, anasema "tafadhali" hata kwa mbwa. Akaeleza kwamba geti litabaki limefungwa mpaka kijiji kipate kibali cha kutumia maji, maana maji si ya kijiji, ni ya taifa, na kibali kinatoka ngazi za juu. Watu wakapiga makofi tena. Mawingu yalikuwa yameshatanda juu ya milima, nani alikuwa na habari na mfereji?

Hezroni pekee ndiye aliyeuliza. Hezroni ndiye anayepuliza pembe ya kuita msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. "Na ufunguo utakaa kwa nani?"

"Mmoja kwangu Same, mmoja kwa Mtendaji," alisema Injinia. "Ila Mtendaji hafungui bila maelekezo ya maandishi."

Akanipa mbele ya watu. Nimeutundika kwenye msumari kando ya mlango wa chumba changu.

23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati la ofisi linavuja pale pale palipovuja mwaka jana.

3 Novemba

Bi Fadhila amepanda. Nilimkuta jioni akiosha miguu kwenye beseni, amechoka lakini anacheka peke yake.

"Shikamoo, Bi Fadhila. Mbona una furaha?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemaliza. Muhidin kapiga simu."

Muhidin ni mwanawe wa pekee, yuko Mbagala, anauza vipuri vya bodaboda. Kila mwaka anamwambia mama yake auze shamba akaishi naye. Mwaka huu wamewekeana masharti: vuli hii ikikubali, anabaki na hatasumbuliwa tena. Ikikataa, shamba linauzwa.

"Sasa wewe utalala wapi huko Mbagala?" nilimuuliza.

"Kwenye chumba cha wajukuu, kitanda cha juu," alisema. "Mimi na miguu hii! Nipande ngazi kama kuku?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Siku hizi nacheka hivyo.

9 Novemba

Mahindi yameota.

15 Novemba

Nimepeleka taarifa ya madawati. Nimepokea maelekezo ya kupeleka tena taarifa ya madawati.

24 Novemba

Mvua imekatika tangu juzi. Watu wanasema itarudi.

30 Novemba

Haijarudi.

2 Desemba

Nimepanda ndivani na Mwenyekiti Rashidi. Ndiva imejaa hadi mdomoni. Huku bondeni mvua imekatika, lakini mlimani bado inadondoka kidogo kidogo, na kijito kinaleta maji usiku na mchana. Kwa kuwa geti limefungwa, maji yanapita juu ya ukuta, yanateremka korongoni, yanaishia nyikani kwenye miiba, ambako hakuna aliyepanda kitu. Tulisimama tukiyatazama.

"Hiki kibali umekifuatilia?" aliuliza.

"Nimeandika mara tatu, Mwenyekiti."

"Na wao wanasemaje?"

"Wanasema wamepokea."

Rashidi, ambaye ni mtu wa maneno mengi, alitangulia kushuka. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

5 Desemba

Nimempigia Injinia Wilbard. Anasema yeye hana neno, anasubiri Moshi, kwenye ofisi ya bonde la maji. Moshi wanasubiri Dodoma. Nikamuuliza Dodoma wanamsubiri nani. Alicheka kwa adabu, akasema, "Dada Irine, tuwe na subira, tafadhali."

8 Desemba

Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sijawahi kuona watu wengi kiasi hiki bila kuwapo ugawaji wa kitu. Waislamu wa huku barabarani walikuja na Wakristo waliohamia kutoka mlimani walikuja. Mahindi hayana dini, yote yamejikunja majani.

Agenda ilikuwa moja. Mwenyekiti alisema kwa ufupi, jambo ambalo lenyewe liliwatisha watu. "Ndiva ni yetu. Saruji ni ya Serikali, tunaishukuru. Anayetaka ndiva ifunguliwe kwa zamu kama zamani anyooshe mkono." Mikono yote ikaenda juu. Bi Fadhila alinyoosha yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Kisha Rashidi akanigeukia. "Mtendaji, mimi nimechaguliwa na hawa. Wewe umeletwa na wale. Sheria unaijua kuliko mimi. Inasema mkutano huu ndio wenye kauli ya mwisho kijijini, au siyo?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi mkutano umeshatoa kauli. Lete ufunguo."

Nikawaambia ukweli mwingine, ambao nao umo kwenye sheria: kwamba maji yana sheria yake na mamlaka yake, na mimi ni mtumishi wa Halmashauri, nimepewa maelekezo kwa maandishi. Nikasema nitapeleka muhtasari Same kesho asubuhi. Nilikuwa nayasema haya huku nasikia sauti yangu kama inatoka kwenye redio ya jirani. Hakuna aliyenizomea. Bora wangenizomea. Waliinuka tu, wakapangusa vumbi, wakaenda.

Niliporudi nyumbani nilikuta ugali na mlenda umefunikwa mezani kwangu kama kawaida. Nimekula wote. Sijasikia ladha, wala sijasikia uchungu. Naandika hivyo kwa sababu nadhani ilitakiwa nisikie.

9 Desemba

Nimepeleka muhtasari. Umepigwa mhuri wa kupokelewa.

13 Desemba

Mbelewele zimetoka mashamba ya kichwani, yanayopata manyunyu ya mlimani. Ya mkiani hayajatoa.

14 Desemba

Bi Fadhila anafagia hadi chumbani kwangu, tabia ambayo sijaweza kumwachisha. Leo nilikuwa bado kitandani alipoingia. Alifagia mpaka mlangoni, akasimama kidogo chini ya msumari, akaendelea. Hajawahi kuniomba ufunguo. Wote wameniomba, hata mchungaji alinipigia, lakini yeye hajautaja hata kwa jina. Ananiuliza kama nimelala vizuri.

16 Desemba

Simu kutoka wilayani, si kwa Injinia, kwa mkubwa wake. Amesikia kijiji kina "mihemko". Ameniuliza kama kufuli liko salama. Nikasema liko salama. Ameniambia hakuna kufungua, hakuna kuvunja, na mtendaji atakayeshiriki atajieleza. "Umeelewa, Mtendaji?" Nimeelewa. Miaka yote hii sijawahi kusema sikuelewa.

18 Desemba

Kanisani. Tumeombea mvua.

21 Desemba

Pembe ya Hezroni imelia leo kabla ya jua. Msaragambo hapa ni Jumatano, kwa kuwa Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili yetu sisi Walutheri na Wakatoliki. Pembe ikilia hakuna cha mwenye duka wala mwalimu. Kila nyumba inatoa watu, kila mtu anapimiwa kipande chake kwa kamba, na hakuna anayeondoka mpaka kipande cha mwisho kiishe. Huruhusiwi kumchimbia mwenzako, labda awe mgonjwa au wa nyumba yako. Ndiyo desturi, na sijaona mtu akiibishia.

Mwenyekiti alipita kwanza kwangu. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi. "Mtendaji, nakuarifu. Kufuli hatuligusi. Geti hatuligusi. Tunachimba mfereji kando ya geti, uzunguke, ukaungane na wa zamani kule chini."

"Mwenyekiti, hayo ni…"

"Nimekuarifu," alisema. "Sijakuomba ruhusa." Akavaa kofia akaenda.

Nilikaa ofisini. Nilifunga mlango, nikafungua faili la madawati. Kutoka pale nilisikia majembe, na wanawake wakiimba kwa Kichasu, lugha ya hapa, wimbo wenye maneno ninayoyaelewa nusu, maana cha kwetu ni Kigweno. Saa sita kuimba kulipungua. Saa nane kulikoma kabisa. Nikajua wamemaliza. Lakini sikuona mtu akipita kurudi. Saa tisa bado hakuna aliyerudi, ndipo nikatoka.

Mfereji ulikuwa umekwisha wote isipokuwa kipande kimoja. Watu wamekaa kwenye majani na majembe yao, kijiji kizima, kimya, wanatazama. Kwenye kile kipande alikuwa Bi Fadhila peke yake, kanga kaifunga kiunoni, anachimba. Akipiga jembe mara mbili anapumzika.

Nikamuuliza Hezroni kwa nini kipande chake kirefu hivyo.

"Si kirefu," alisema. "Ni viwili. Nyumba ya Fadhila ina watu wawili. Yeye, na wewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeita majina shuleni. Mwaka wa nne nipo hapa nikijihesabu mgeni, kumbe kwenye kamba ya Hezroni nina kipande changu. Nikasikia joto linapanda usoni, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia kwa muda mrefu.

Nikamwendea. "Bi Fadhila, leta jembe."

"Utachafua viatu vya ofisi, mwanangu."

"Leta."

Nilichimba. Udongo wa pale una mawe madogo, jembe linalia. Hakuna aliyepiga makofi, na ninawashukuru. Ufunguo, niliouchukua msumarini asubuhi pembe ilipolia, ulikuwa mfukoni unanigonga paja kila nilipoinama. Geti lilikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeligusa. Ningeweza kunyooka, kulifungua, na sote tukaenda nyumbani. Nilijua hivyo tangu jembe la kwanza hadi la mwisho, na niliendelea kuchimba. Malengelenge yamenitoka viganjani.

Jioni Hezroni alikata kizuizi cha mwisho na maji yakapita. Kufuli liko salama.

22 Desemba

Nimeandika taarifa: "Geti limefungwa. Kufuli ni zima." Nimesoma mara mbili. Hakuna uongo ndani yake.

23 Desemba

Zamu zimeanza, kichwani kwanza. Rashidi amejaribu kuomba ya mkiani yatangulizwe, wenye mashamba ya kichwani wamekataa. Zamu ni zamu, wamesema. Tangu babu.

25 Desemba

Krismasi. Wali. Bi Fadhila amekula nami pilau la kuku la majirani, kasema kuku wa Kilutheri hawana chumvi.

26 Desemba

Bi Fadhila amekata mahindi yake. Nimemkuta anayafunga mizigo mizigo. Mabua yamekauka karibu yote, yanalia kama karatasi.

"Maji yanafika kesho kutwa," nilimwambia. "Subiri basi."

"Yakute nini? Bora mbuzi wale yakiwa na ukijani kidogo." Akafunga mzigo mwingine. "Mimi nimeshasubiri, Irine."

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina.

28 Desemba

Maji yamefika mkiani. Nilikwenda kutazama. Yameingia shambani, yametuama kwenye mashina yaliyokatwa. Vyura wamefurahi.

5 Januari

Injinia Wilbard amekuja kukagua. Alilishika kufuli, akalivuta. Kisha akautazama mfereji unaopita kando, maji yakienda kasi.

"Huu ulikuwepo?"

"Wa babu zetu," alisema Hezroni. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Injinia aliniangalia, nami nikamwangalia. Halafu akatoa simu, akasogea karibu sana na geti, akapiga picha ya kufuli peke yake. "Mimi nimetumwa kukagua kufuli," alisema taratibu. Nilipomsindikiza kwenye gari aliniambia yule jogoo alikufa kabla hajafika Same. Sijui kwa nini aliniambia. Nadhani na yeye alitaka kumwambia mtu kitu.

12 Januari

Muhidin kapiga simu. Sikusikia alichosema. Nilisikia mama yake akijibu, "Ahadi ni deni, baba. Njoo."

13 Januari

Madawati.

19 Januari

Barua imefika. Ina mihuri mitatu. Kijiji kimepewa kibali cha muda cha kutumia maji ya ndiva "kwa ajili ya kunusuru mazao ya msimu wa vuli", na Mtendaji anaelekezwa kufungua geti mara moja.

Mashamba ya kichwani mahindi yamebeba, watu wanachoma gobo, yaani mahindi mabichi. Nilikwenda peke yangu. Kufuli lilikuwa limeanza kutu, likakataa kidogo, kisha likafunguka. Niliinua geti kwa mikono miwili. Maji yalitoka, si mengi, maana mengi yameshazoea njia ya kando. Nikalishusha tena ili mfereji wa watu usikauke. Hilo halimo kwenye maelekezo. Nimelifanya bila kumpigia mtu simu, nikitazama nyuma kama mwizi.

28 Januari

Shamba limenunuliwa na mtu wa Kihurio. Nyumba haiuzwi, mimi nitabaki ndani kuiangalia.

Muhidin alikuja na gari dogo la mizigo. Ni mtu mwema, alinishukuru kwa kukaa vizuri na mama yake. Walipakia kitanda, masufuria, mbuzi wawili. Mzigo wa mwisho wa mabua waliufunga juu kwa ajili ya mbuzi njiani.

Bi Fadhila aliingia chumbani kwangu na ufagio. Nikamwambia leo aache. Akafagia. Alipofika mlangoni akasimama chini ya msumari.

"Kila asubuhi nilikuwa nautazama huu," alisema.

"Kwa nini hukuuchukua? Nyumba ni yako. Ningesema nini?"

"Wangekufukuza kazi. Una mama yako Kifaru anakutegemea." Akaegemeza ufagio ukutani. "Nikawa nasema, labda mwanangu ameuacha pale makusudi. Labda siku moja ataniambia, Bi Fadhila, mimi leo nachelewa kurudi. Basi, ungesema hivyo tu, ningejua niuchukue. Lakini ulikuwa ukitoka unaugusa kwanza, kuona kama upo."

Nililia. Nimeandika nililia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mbele yake, kwa sauti, nami sikulia hata kwenye msiba wa baba. Alinipangusa kwa ncha ya kanga, akaninyamazisha kwa Kichasu kama mtoto.

Kisha akatoa ufunguo wa nyumba kutoka kifuani, akautundika kwenye msumari ule ule.

"Huu ni wa mlango mkubwa," alisema. "Mtu akibisha akiwa na shida, mfungulie. Usisubiri barua."

Muhidin alipiga honi. Nilimshika mkono hadi kwenye gari, akapanda mbele kwa shida, kwa sababu ya miguu yake.